Maua Yanayongoja Baridi



Katika vitabu vya bustani vinavyoandikwa Ulaya limo fundisho moja linaloweza kutuchekesha sisi wakaaji wa Vitshumbi. Mwenye bustani hushauriwa achague mimea itakayochanua mapema, wakati baridi haijaondoka bado na miti ingali mitupu, ili nyumba yake isikose ua hata wiki moja. Sisi tunaokaa pwani ya kusini ya Ziwa Edward hatuijui baridi ya namna hiyo. Jua letu ni lile lile mwezi wa kwanza na mwezi wa saba. Tunachokihesabu ni mvua, mbalamwezi na upepo wa ziwa. Basi fundisho hilo latuhusu nini?

Latuhusu kuliko tunavyodhani. Historia ya milima inayotuzunguka haielezeki vizuri bila kujua habari ya maua yanayongoja baridi. Ua moja la namna hiyo, dogo na jeupe, lililetwa kutoka ng'ambo katika milima ya Afrika ya Mashariki na ya Kivu. Likaleta fedha, likaleta shida ya ardhi, likapunguza msitu wa wanyama, na mwishowe likawafundisha wataalamu kutengeneza dawa inayowalinda watoto wetu usiku. Tuifuate habari hiyo hatua kwa hatua.

Jinsi watu wa kaskazini wachaguavyo

Katika nchi za kaskazini mwaka una majira manne. Majira ya baridi yakifika, maji huganda, majani ya miti mingi hupukutika, na shamba hulala miezi mitatu au minne. Baadaye huja majira ya machipuko, ndipo jua linaporudi na mimea kuamka. Watu huyatamani majira hayo kama mvuvi anavyotamani ziwa litulie baada ya dhoruba.

Lakini mimea haiamki yote pamoja. Huenda kwa zamu, kama mitumbwi inavyotoka mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni ua dogo jeupe lenye kuinamisha kichwa, ambalo Linnaeus wa Uswidi aliliita Galanthus mwaka 1753, kwa maneno mawili ya Kigiriki, yaani maziwa na ua. Hilo hutoboa theluji tangu mwezi wa kwanza au wa pili. Hufuatwa na krokasi, halafu narsisi za manjano, na mwezi wa nne huja tulipi zenye rangi nyingi. Mwenye bustani hodari huzijua zamu hizo. Huchagua kidogo kwa kila zamu, na yote huyapanda kabla ya baridi kuanza. Akingoja mpaka jua lirudi ndipo apande, amekwisha kuchelewa.

Mimea hiyo ya mapema ina siri mbili. Siri ya kwanza ni akiba. Chini ya udongo kila mmoja una tunguu, mfano wa kitunguu cha jikoni, lililojaa chakula tangu mwaka uliopita. Kwa hiyo mmea hauna haja ya kungoja majani yake yakue ili upate nguvu ya kuchanua. Tena mingi katika mimea hiyo asili yake ni msituni, chini ya miti. Hufanya haraka kwa sababu miti ikiisha kuvaa majani, mwanga hautafika chini tena. Akaaye chini ya wakubwa hana budi kuamka kabla yao.

Siri ya pili ni ya ajabu zaidi. Mtu atazamaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba maua hayo ni mashujaa tu, yanashindana na baridi na kuishinda. Sivyo. Yanaihitaji. Tulipi haina budi kupata wiki kumi na mbili hivi au zaidi za baridi, chini ya digrii 9, ndipo ua lililomo tumboni mwake litoke sawasawa. Ikikosa baridi hiyo hutoa majani, na ua likija huja limedumaa, au lisije kabisa.

Sababu yake ni busara. Kabla ya majira ya baridi kuingia, Ulaya hupata siku kadhaa za jua zuri. Tunguu lisilo na hesabu lingedanganyika, lingefungua ua lake, na usiku wa pili jalidi ingeliua. Basi Muumba ameliwekea hesabu: halifungui mlango mpaka limehesabu siku za baridi za kutosha. Hata nafaka nyingine hufuata kanuni hiyo. Mwaka 1918 Mjerumani mmoja, Gustav Gassner, alionyesha kwa majaribio kwamba nafaka iitwayo rai, ile ipandwayo kabla ya baridi, haitoi masuke vizuri isipopata baridi ingali changa. Baadaye Lysenko wa Umoja wa Kisovieti alilipa jambo hilo jina, akaahidi kwa njia hiyo mavuno makubwa kuliko ukweli ulivyoruhusu. Mavuno hayo hayakuonekana. Mmea hausikii amri, husikia majira.

Saa yetu sisi tulio karibu na ikweta

Vitshumbi iko kusini ya ikweta kwa umbali usiofika digrii moja, na maji ya ziwa letu yako kama mita 920 juu ya bahari. Mchana wa mwezi wa sita na mchana wa mwezi wa kumi na mbili hautofautiani hata kwa dakika kumi. Joto nalo halibadiliki sana mwaka mzima. Mtu akipanda tulipi hapa pwani, tunguu lake litangoja baridi isiyokuja, litamaliza akiba yake, na mwisho litaoza.

Lakini tusidhani kwamba mimea yetu haina saa. Saa yetu ni mvua. Tazama kahawa ya Rutshuru na ya Beni. Wakati wa kiangazi matumba yake hulala kimya. Mvua nzuri ya kwanza ikinyesha baada ya ukame, siku saba mpaka kumi baadaye shamba zima huwa jeupe kwa maua. Utazame na mti ule ambao Wanyarwanda huuita umuko, na wataalamu huuita Erythrina abyssinica: huchanua maua mekundu kama makaa ya moto wakati wa ukame, matawi yake yakiwa matupu, kisha ndipo huvaa majani. Tena kuna ua la porini, jekundu na la mviringo kama mpira, linalotoka katika tunguu lake mvua za kwanza zikigusa ardhi, mara nyingi kabla ya majani yake kufunguka.

Haya ndiyo ndugu wa lile Galanthus la Ulaya. Nayo yana akiba chini au ndani ya shina. Nayo hutangulia majani. Nayo hungoja alama kabla ya kufungua mlango. Tofauti ni alama yenyewe. Kule alama ni baridi iliyokwisha kupita, hapa alama ni ukame uliokatwa na mvua. Kwa maneno mengine, kiangazi chetu ndicho majira yetu ya kulala, na mvua ya kwanza ndiyo machipuko yetu.

Hata hivyo baridi ipo kwetu pia, ila haiji kwa mwezi. Huja kwa mwinuko. Kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa digrii sita hivi. Wachuuzi wa samaki wanaopanda gari kwenda Kanyabayonga hulijua jambo hilo bila kipimo: huondoka pwani na shati moja, wakifika juu ya ukuta wa bonde hutafuta koti. Na katika milima ya Lubero na ya Masisi, penye sehemu nyingi zipitazo mita 2,000, kila mchana una jua lake na kila usiku una baridi yake, mwaka mzima.

Kwa hiyo twaweza kusema hivi: kwa watu wa kaskazini majira ya machipuko ni wakati, nao huyangoja, kwetu majira hayo ni mahali, nasi huyapandia mlima. Aliyelielewa neno hili ameelewa nusu ya historia ya mashamba ya milimani.

Si Kivu peke yake. Katika milima ya Usambara, huko Tanzania, Wajerumani walijenga kituo cha Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wakapanda huko miti ya matunda ya kwao. Hata sasa msafiri apitaye barabara ya Lushoto huuziwa plamu, pea na pichi, matunda ambayo mtu wa Tanga, aliye chini pwani, hawezi kuyaotesha uani kwake. Hali udongo si sababu, wala bidii. Sababu ni usiku wa baridi.

Ua la Dalmatia

Sasa tufike kwenye ua letu lenyewe. Ni pareto, ambayo Wanyarwanda huiita ibireti. Ni mmea mfupi, majani yake ya rangi ya kijivu, ua lake lina ukingo mweupe na moyo wa manjano. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adria, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Watu wa huko waligundua kwamba maua yake yakikaushwa na kusagwa huwa unga unaoua viroboto, kunguni, chawa na mbu, bila kumdhuru mtu sana. Katika karne ya kumi na tisa unga huo ulienea Ulaya na Marekani.

Dalmatia ilitawala soko mpaka Vita Kuu ya 1914-1918 ilipovuruga biashara yake. Japani ikachukua nafasi hiyo. Mwaka 1928 mbegu zililetwa Kenya, na kwanza walioilima walikuwa walowezi wa Kizungu katika nchi za juu karibu na Nakuru na Molo. Baadaye ilipita mikononi mwa wakulima wadogo, hasa wa Kisii na Nyandarua. Katika miaka ya 1930 pareto ilipandwa vilevile katika milima ya Kivu, na Tanganyika ikaipanda katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya.

Kwa nini milimani tu? Wakulima waliijua sababu kwa macho kabla ya wataalamu kuiandika. Pareto iliyopandwa chini hukua vizuri, majani yake hushamiri, mwenye shamba hufurahi; lakini maua hayaji, au huja machache. Mwaka 1955 mtaalamu Glover alitangaza katika gazeti la elimu ya mimea liitwalo Annals of Botany majaribio aliyoyafanya juu ya pareto na baridi. Mmea huu hutaka siku kama kumi zenye baridi chini ya digrii 16 ili matumba yaanze kuumbwa; na joto likipita digrii 24 kwa muda wa wiki moja, kazi hiyo husimama. Ndiyo maana mashamba yaliwekwa kwenye mita 1,800 na zaidi. Pareto ni mtoto wa majira ya baridi. Alipofika Afrika aliyatafuta majira yake, akayakuta mlimani.

Tena huku alipata jambo asilolipata kwao. Katika nchi yenye majira manne, baridi huja mara moja kwa mwaka, basi maua yote hutoka pamoja kwa msimu mmoja. Milimani kwetu baridi huja kila usiku, basi mmea hauachi kutoa matumba miezi mingi mfululizo. Hiyo ni neema na ni mzigo pia. Maua huvunwa kila wiki mbili au tatu, moja moja, kwa mikono ya watu, hasa wanawake wenye vikapu mgongoni. Hayachumwi yakiwa bado yamefumba, wala yakiisha kunyauka. Huchumwa wakati vijiua vidogo vya moyo wa manjano vimeanza kufunguka kwa safu, kwa maana dawa imo humo. Kisha hukaushwa upesi, na kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Katika kilo hiyo moja dawa yenyewe ni gramu kumi mpaka ishirini hivi, zaidi haipatikani.

Dawa hiyo ilichunguzwa na wataalamu wawili waliofanya kazi Uswisi, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, ambao mwaka 1924 walitangaza jinsi ilivyoumbwa. Ruzicka alizaliwa Vukovar, katika hiyo hiyo nchi iitwayo leo Kroatia. Mtoto wa nchi ya pareto ndiye aliyesaidia kuifungua siri yake.

Vita na soko

Vita vya pili vya dunia viliipandisha pareto daraja. Mwezi wa Desemba 1941 Japani iliingia vitani na Marekani, maua yake yasifike tena kwa mataifa yaliyopigana nayo. Majeshi yalikuwa yanapigana katika nchi za mbu na za chawa, na dawa ilihitajika kuliko dhahabu. Macho yote yakageukia milima ya Kenya na ya Kongo. Kabla ya vita kuisha, Kenya ilikuwa imekwisha kuipita Japani.

Lakini mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi alikuwa amegundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, dawa ya kiwandani, rahisi na yenye kudumu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Watu wengi walisema siku za pareto zimekwisha. Hazikuisha, kwa sababu kudumu kulikosifiwa ndiko kulikoleta hatari: DDT ilibaki katika udongo, katika maji, katika miili ya ndege na samaki. Rachel Carson wa Marekani aliandika juu ya hatari hiyo mwaka 1962, na watu wakaanza kuitamani tena dawa inayovunjika yenyewe ikipigwa na jua. Pareto ndivyo ilivyo.

Wakulima wa milimani wakapata tumaini. Hata hivyo tumaini la mkulima wa zao la biashara halikai mikononi mwake. Kenya iliendelea kuwa ya kwanza duniani mpaka miaka ya 1990. Kisha malipo yakachelewa, na wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi na mahindi. Kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kikapanda juu. Msomaji ataelewa sasa kilivyoweza: Tasmania ina majira ya baridi ya kweli, basi maua yote hufunguka pamoja, nayo mashine huyavuna kwa siku chache. Neema yetu ya kuvuna miezi mingi ilishindwa na neema yao ya kuvuna mara moja.

Nani mwenye baridi?

Tumesema kwamba kwetu machipuko ni mahali. Tukumbuke sasa tofauti kubwa kati ya wakati na mahali. Wakati huwafikia wote. Tajiri na maskini wa Ulaya huamka siku moja wakakuta Galanthus limechanua. Lakini mahali huweza kuzungushiwa ua, kupimwa, kuandikwa jina la mtu, na wengine kufukuzwa.

Nchi ya baridi katika Afrika yetu ni ukanda mwembamba. Chini yake ni joto, juu yake ni miamba na ukungu. Ndani ya ukanda huo huota pareto, ngano, viazi vya Ulaya na kabichi. Ndimo yalimo malisho mazuri ya ng'ombe. Ndimo ulimo msitu wa mianzi wa sokwe wakubwa waitwao gorila. Wote hutaka mahali pale pale. Mwaka 1928 serikali ya Kibelgiji iliunda halmashauri ya Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi, na mashamba mengi ya walowezi yalikatwa katika nchi za juu. Wenyeji wengi walijikuta vibarua mahali walipokuwa wamelima baba zao.

Upande wa Rwanda hesabu yake yaonekana wazi zaidi. Mwaka 1969 karibu hektari 10,000 za mbuga ya volkeno zilitolewa katika hifadhi, zikagawiwa familia ili zilime pareto. Familia hizo zilikuwa na haja ya ardhi, hakuna awezaye kuzilaumu. Lakini msitu uliokatwa ulikuwa makao ya gorila. Katika volkeno zote za Virunga walikadiriwa kuwa 450 hivi mwaka 1960. Mwaka 1981 walihesabiwa 254. Si pareto peke yake iliyowapunguza. Mitego ya wawindaji na vurugu zilifanya kazi yao pia. Lakini mnyama aliyenyang'anywa makao huanguka kwa urahisi mbele ya adui wengine. Baadaye ulinzi mkali uliwasaidia, na hesabu iliyokamilika mwaka 2016 ilipata 604. Mashamba yale hayakurudi kuwa msitu, na soko la ua lililokatiwa msitu huo limepanda na kushuka mara nyingi tangu siku hizo.

Hapo twajifunza kwamba kuchagua mmea si kuchagua rangi ya maua tu. Ni kuchagua pia mahali patakapotumika, mikono itakayofanya kazi, na kitakachoondoka ili mmea huo upate kukaa.

Lililotufikia ziwani

Huenda msomaji wa hapa kwetu akauliza: sisi wa Vitshumbi tumepata nini katika habari hii? Kijiji chetu kimo ndani ya mbuga iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Albert, na leo huitwa Virunga. Kwa sheria ya mbuga hatulimi mashamba. Tunaishi kwa samaki, na chakula chetu kingi hushuka kutoka milimani. Pareto haitachanua hapa hata siku moja.

Lakini imetufikia kwa njia nyingine. Wataalamu walitazama dawa iliyomo katika ua, wakajaribu kutengeneza kiwandani inayofanana nayo, yenye kudumu kidogo zaidi ya ile ya asili. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, walitangaza permetrini. Kutoka ukoo huo wa dawa vilipatikana vyandarua vyenye dawa ambavyo mama zetu hupewa kliniki. Wataalamu walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 kinga za malaria zilizuia katika Afrika wagonjwa milioni 663, na katika hao 68 kwa mia walikingwa na vyandarua. Mtoto wa Vitshumbi alalaye ndani ya chandarua amefunikwa na mwanafunzi wa ua la Dalmatia.

Basi yafaa tujue tabia ya dawa hiyo. Mtu haimdhuru sana, lakini samaki inamuua. Kiasi kidogo sana ndani ya maji chatosha kuwaangamiza samaki wachanga na vidudu wanavyokula. Kwa hiyo chandarua kisifuliwe ziwani kamwe. Kifuliwe katika beseni, mbali na pwani, na maji yake yamwagwe katika shimo nchi kavu. Na yule anayekishona kuwa wavu wa kuvulia anafanya makosa matatu kwa mara moja: anamwacha mtoto wake kwa mbu, anaweka sumu majini, na kwa tundu zake ndogo anavua samaki ambaye hajapata kuzaa. Ziwa nalo lina majira yake. Mwenye kuvua vifaranga anavunja tumba kabla halijafunguka.

Tuchague kwa namna gani?

Twarudi kwenye kazi ya kuchagua, ambayo ndiyo shabaha ya makala hii. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli; lakini mchagua mbegu ni mkulima kabisa. Swali la kwanza lisiwe "ua hili ni zuri?" bali "mmea huu unangoja nini?"

Kama unangoja baridi, upeleke juu, usiusumbue bondeni. Watu wa Lubero na Masisi wanaweza kupamba altare zao kwa yungiyungi nyeupe na waridi za milimani, na wenye shamba wanaweza kulima pareto, ikiwa wamepata kwanza uhakika wa mnunuzi, na wasisahau viazi vya watoto. Kama unangoja ukame na mvua, utatufaa sisi wa chini. Kwa hatua chache za udongo zilizo mbele ya nyumba au kando ya kanisa, tuchague bogonvilea, ambayo huzidi kuchanua ikionja kiu; au frangipani, mti wenye utomvu mweupe unaotoa maua yenye harufu hata matawi yakiwa matupu. Na yule anayetaka ua lake lifunguke pamoja na mvua za Mwezi wa Tatu, asingoje mvua hizo. Aandae shimo na kupanda tunguu lake kiangazi, kama Mzungu anavyopanda kabla ya theluji. Kanuni ni ile ile: maua ya mapema hupandwa na watu waliotangulia.

Tangu mwaka 2021 vita vimerudi katika Rutshuru na Masisi, na watu wengi wa milimani wameacha mashamba yao katikati ya msimu. Kwao kuchagua mbegu si jambo la starehe. Mtu aliyeng'olewa hupanda kinachoiva upesi, kwa maana hajui kama atakuwapo kuvuna. Hapandi kahawa, wala pareto ambayo hutoa maua miaka mitatu, wala mti. Ndiyo sababu nchi isiyo na amani hujulikana hata kwa mazao yake. Tukiona tena mtu wa Masisi anapanda mmea unaotaka kungojwa, tutajua kwamba ameanza kuamini mwaka ujao.

Mpaka siku hiyo, kila mmoja na ahifadhi mbegu alizo nazo, mahali pakavu, zenye jina na mwezi vilivyoandikwa juu yake. Mbegu iliyotunzwa imekwisha kuchaguliwa nusu.